William James

William James (New York, 11 Januari 1842 – Chocorua, New Hampshire, 26 Agosti 1910) alikuwa mwanafalsafa, mwanasaikolojia na mwalimu wa chuo kikuu kutoka nchini Marekani. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa saikolojia kama somo la kisayansi katika nchi hiyo. Pamoja na Charles Sanders Peirce na John Dewey, ni mmoja wa viongozi wa falsafa ya pragmatizimu.

Anakumbukwa pia kwa swali moja alilolibeba tangu ujana hadi kifo chake: je, mtu anayeteswa na mawazo yake mwenyewe ana uwezo wowote juu ya mawazo hayo? Kwake hilo halikuwa swali la darasani tu. Alipokuwa na umri wa miaka 28 alikaribia kuangamizwa na huzuni na hofu, na sehemu kubwa ya yale aliyoyaandika baadaye ilitokana na namna alivyojinasua. Mara nyingi kisa hicho husimuliwa kana kwamba aliamua siku moja kuamini, akapona. Habari za maisha yake zinaonyesha jambo gumu zaidi kuliko hilo.

Familia na utoto

William alikuwa mtoto wa kwanza wa Henry James mzee na mkewe Mary Robertson Walsh. Babu yake, aliyeitwa pia William, alihamia Marekani kutoka Ireland akiwa kijana, akafanya biashara mjini Albany hadi akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa jimbo la New York. Kutokana na urithi huo, baba yake William hakulazimika kufanya kazi ya mshahara. Alikuwa amekatwa mguu utotoni baada ya kuungua moto. Alitumia maisha yake kusoma, kuandika vitabu vya dini ambavyo watu wachache walivisoma, na kujadiliana na marafiki kama mwandishi Ralph Waldo Emerson.

Walizaliwa watoto watano. Wa pili, Henry (1843–1916), ndiye mwandishi mashuhuri wa riwaya. Garth Wilkinson na Robertson walipigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wakiwa maafisa katika vikosi vya askari weusi vya Massachusetts. Wilkinson alijeruhiwa vibaya kwenye shambulio la Fort Wagner mwaka 1863. Robertson alisumbuliwa na ulevi kwa miaka mingi. Mdogo wao wa kike, Alice (1848–1892), aliishi muda mrefu kitandani kwa maradhi ambayo madaktari hawakuweza kuyaeleza, akaacha shajara inayosomwa hadi leo. Nyumba hiyo ilijaa vipaji, lakini haikujua utulivu.

Baba mwenyewe alikuwa amepitia tukio ambalo familia haikulisahau. Mwaka 1844, wakiwa Uingereza karibu na Windsor, alibaki mezani peke yake baada ya chakula. Ghafla akashikwa na hofu kuu isiyo na sababu, kana kwamba mle chumbani mna kiumbe kiovu kilichojikunyata. Madaktari hawakumsaidia sana. Faraja aliipata katika maandishi ya Emanuel Swedenborg, mwanateolojia wa Sweden wa karne ya 18. William alikuwa na umri wa miaka miwili wakati huo, lakini alikua akijua habari hiyo, na miaka 26 baadaye jambo linalofanana nalo lilimpata yeye.

Elimu na miaka ya kuyumba

Baba yake hakuridhika na shule yoyote. Kwa sababu hiyo watoto walihamishwa kutoka mwalimu hadi mwalimu na nchi hadi nchi: New York, London, Paris, Boulogne, Geneva, Bonn. William alijifunza Kifaransa na Kijerumani vizuri sana, lakini hakupata elimu yenye mpangilio.

Mwaka 1860 alianza kujifunza uchoraji kwa William Morris Hunt huko Newport, Rhode Island. Baada ya miezi michache akaacha. Mwaka 1861 akaingia Chuo Kikuu cha Harvard kusoma kemia, akahamia anatomia, kisha mwaka 1864 akaanza udaktari. Mwaka uliofuata alijiunga na msafara wa mwanasayansi Louis Agassiz kwenda Brazil kukusanya samaki wa mto Amazon. Huko aliugua aina nyepesi ya ndui, macho yakamsumbua, na akatambua kwamba kazi ya kukusanya vielelezo haimfai.

Aliporudi afya yake ilizidi kudhoofika. Mgongo ulimuuma, macho hayakuvumilia kusoma kwa muda mrefu, tumbo lilimsumbua na usingizi ulikuwa haba. Mwaka 1867 alikwenda Ujerumani kutafuta nafuu kwenye chemchemi za maji moto, na pia kusoma juu ya elimu mpya ya mishipa ya fahamu iliyokuwa ikifanywa na wataalamu kama Hermann von Helmholtz na Wilhelm Wundt. Katika majira hayo ya upweke wazo la kujiua lilimjia mara nyingi. Alirudi nyumbani mwishoni mwa mwaka 1868, akapata shahada ya udaktari mwaka 1869, na hakufungua kliniki hata siku moja.

Mgogoro wa mwaka 1870

Ili kuelewa kilichompata, ni lazima kuelewa alichokuwa akikiamini. Wanasayansi wengi wa siku zake walifundisha kwamba akili si kitu ila mwendo wa ubongo, na kwamba kila tukio, pamoja na kila wazo na kila tendo la mtu, limekwisha kuamuliwa na matukio yaliyotangulia. James aliisoma hoja hiyo na hakuona namna ya kuipinga. Lakini kwa mgonjwa mwenye huzuni, hoja hiyo haikuwa nadharia tu. Kama ni kweli, basi kukata tamaa kwake kulikuwa kumeamuliwa pia, na juhudi yoyote ya kujinasua ilikuwa mchezo wa kujidanganya. Imani yenyewe ilikuwa imegeuka kuwa sehemu ya ugonjwa.

Mwezi Machi 1870 alifariki binamu yake Mary Temple, aliyeitwa Minny, kwa kifua kikuu. Alikuwa msichana mchangamfu wa miaka 24, na William alimpenda sana.

Katika kipindi hicho cha maisha yake, kwa tarehe isiyojulikana kamili, ndipo lilipotokea tukio la hofu alilolieleza miaka mingi baadaye. Jioni moja, akiwa na moyo mzito, aliingia chumbani gizani kuchukua kitu. Ghafla ikamjia akilini sura ya kijana mmoja mwenye kifafa aliyewahi kumwona katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa amekaa kimya kutwa nzima, magoti yakiwa kidevuni. James aliona kwamba hakuna chochote, ama elimu ama jamaa ama mali, kinachoweza kumkinga asije akawa kama yule. Kwa miezi mingi baadaye aliamka kila asubuhi na woga tumboni, na hakuweza kwenda gizani peke yake. Alishangaa jinsi watu wengine, akiwemo mama yake mwenye uso wa furaha, wanavyoweza kuishi bila kulihisi shimo lililo chini ya miguu yao.

Mwishoni mwa Aprili 1870 alisoma maandishi ya mwanafalsafa wa Ufaransa Charles Renouvier. Renouvier aliueleza uhuru wa utashi kwa namna nyepesi: ni uwezo wa kuendelea kushika wazo fulani kwa kuwa nimechagua kulishika, ingawa ningeweza kuwa na mawazo mengine. James alijiuliza kwa nini maelezo hayo yawe ya uongo. Hakuona uthibitisho wa upande wowote. Siku ya 30 Aprili aliandika katika shajara yake kwamba tendo lake la kwanza la utashi huru litakuwa kuamini kwamba utashi huru upo.

Jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka ni kwamba uamuzi huo alijiwekea mipaka. Alijipa kipindi cha majaribio hadi mwaka mpya. Kwa muda huo alikusudia kupunguza kujichunguza na kutafakari, mambo ambayo yalimzidishia giza, na badala yake kujenga mazoea ya matendo madogomadogo. Hakuahidi kujisikia vizuri. Alikuwa kama mtu anayepima daraja kwa kulikanyaga.

Wala hakupona siku hiyo. Mwaka uliofuata ulikuwa bado mgumu. Dalili ya wazi ya nafuu inaonekana mwezi Machi 1873, baba yake alipomwandikia Henry barua kueleza mabadiliko ya William. Alipoulizwa nini kimemsaidia, William alitaja kumsoma Renouvier na mashairi ya William Wordsworth; lakini zaidi ya hayo alitaja kwamba ameacha kuamini kuwa kila ugonjwa wa akili lazima uwe na chanzo katika mwili. Zamani alijiona kama mashine iliyoharibika. Sasa alikubali kwamba akili inaweza kuwa na sehemu yake katika kuugua na katika kupona.

Barua hiyo haitoi picha nzima. Kufikia wakati huo James alikuwa amekwisha kupata kazi. Charles Eliot, aliyekuwa mwalimu wake wa kemia na sasa rais wa Harvard, alimpa nafasi ya kufundisha fiziolojia, na James mwenyewe alikiri kwamba kusimama mbele ya wanafunzi kwa saa maalumu kulimwondoa katika kujitazama. Ni vigumu kusema kipi kilitangulia: imani mpya ndiyo iliyomwezesha kukubali kazi, au kazi ndiyo iliyoipa imani hiyo miguu. Hata hapo aliomba mapumziko, akakaa Italia majira ya baridi ya 1873–1874 kabla ya kurudi kazini moja kwa moja.

Mwalimu wa Harvard

Mwaka 1875 James alianza kufundisha saikolojia, somo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kufundishwa na mwalimu yeyote darasani, na akatenga chumba kidogo kwa majaribio. Mwanafunzi wake G. Stanley Hall alipata shahada ya uzamivu mwaka 1878. Baadaye walipita mikononi mwake Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani. Gertrude Stein, mwandishi. Edward Thorndike, mtaalamu wa saikolojia ya elimu. Na Mary Whiton Calkins, ambaye Harvard ilikataa kumpa shahada kwa kuwa ni mwanamke, ingawa James alimsifu kuwa kati ya wanafunzi bora kabisa. W. E. B. Du Bois, mpigania haki za watu weusi aliyefariki Accra, Ghana, mwaka 1963, alikuwa mwanafunzi na rafiki aliyekaribishwa nyumbani kwa James katika miaka ambayo milango mingi ilikuwa imefungwa kwake.

Tarehe 10 Julai 1878 alimwoa Alice Howe Gibbens, mwalimu wa shule huko Boston. Walipata watoto watano: Henry, William, Herman, Margaret Mary na Alexander. Herman alifariki mwaka 1885 akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, baada ya kuugua kifaduro. Alice ndiye aliyemtuliza mumewe, aliyemwandikia alipochoka macho na aliyeilinda nyumba dhidi ya hasira zake za ghafla.

Misingi ya saikolojia

Mwaka huohuo wa ndoa alitia sahihi mkataba wa kuandika kitabu cha saikolojia kwa miaka 2. Kilimchukua miaka 12. The Principles of Psychology, yaani Misingi ya Saikolojia, kilitoka mwaka 1890 kwa juzuu mbili zenye jumla ya kurasa karibu 1,400. Miaka miwili baadaye alitoa toleo fupi kwa ajili ya vyuo.

Katika kitabu hicho alieleza fahamu kuwa mkondo usiokatika, si mkufu wa vipande vilivyoungwa. Sura iliyosomwa zaidi ni ile ya mazoea. Humo anaonyesha kwamba kila tendo linalorudiwa huacha njia katika mfumo wa fahamu, na kwamba anayetaka kubadilika aanze kwa nguvu, asiruhusu kuvunja utaratibu hata mara moja kabla haujashika mizizi, na atumie nafasi ya kwanza inayopatikana kutenda alilokusudia. Msomaji anayejua habari za 1870 atatambua ushauri huu ulitoka wapi.

Sura ya utashi inahusu moja kwa moja namna mawazo yanavyomwongoza mtu. James alidai kwamba kazi ya utashi haiko katika misuli bali katika usikivu: kulishika wazo gumu mbele ya akili hadi lijaze nafasi yote. Wazo likishashikwa, tendo hufuata lenyewe. Mfano wake ni mlevi. Kila chupa inapokuja, mlevi hupata jina la kuiita: ni ukarimu tu, ni sikukuu, ni dawa ya usingizi, ni ya mwisho kabla ya kuacha. Anachokwepa ni jina moja tu, yaani kwamba kufanya hivyo ndiko kuwa mlevi. Akiweza kulishika jina hilo bila kuliachia, James aliamini, amekaribia kuokoka. James hakuwa akitunga. Nyumbani kwao alimwona Robertson akishindana na chupa mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1884 alikuwa ametoa nadharia yake ya hisia, ambayo Carl Lange wa Denmark aliifikia pia peke yake mwaka uliofuata. Kwa kawaida watu hudhani mtu hulia kwa kuwa ana huzuni. James aliigeuza: mwili hutikisika kwanza, na huzuni ni kule kuyahisi mabadiliko hayo. Kwa hiyo alishauri kwamba mtu asiyeweza kuiamuru furaha anaweza walau kukaa wima, kusema na kutenda kama mwenye furaha, na hisia huenda ikafuata. Mwaka 1927 Walter Cannon wa Harvard aliipinga nadharia hiyo kwa majaribio, akionyesha miongoni mwa mambo mengine kwamba hisia tofauti zinaweza kuambatana na mabadiliko yaleyale ya mwili. Leo haikubaliwi kama alivyoiandika, ingawa sehemu yake bado inajadiliwa.

Mazungumzo na walimu na wanafunzi

James alialikwa mara kwa mara kuzungumza na walimu wa shule, na mwaka 1899 mazungumzo hayo yalitoka kama kitabu, Talks to Teachers on Psychology. Ni kitabu chepesi kuliko vyote alivyoandika, na pengine chenye faida zaidi kwa anayeingia darasani. Aliwaonya walimu wasitegemee saikolojia iwape mbinu za kufundisha. Kufundisha ni sanaa, na sayansi huweza tu kuonyesha mipaka.

Humo anaeleza njia mbili za kulizuia wazo baya. Ya kwanza ni kulikandamiza: wazo na kizuizi chake hubaki vyote akilini vikivutana, na mtu huchoka. Ya pili ni kuliweka wazo jingine mahali pake, hata lile la kwanza lififie lenyewe. Akimfuata mwanafalsafa Baruch Spinoza, aliona kwamba anayetenda kwa kuogopa ubaya ni mtumwa, na anayetenda kwa kupenda wema ni huru. Aliwataka walimu wawazoeze wanafunzi hiyo njia ya pili, kwa mfano kumfanya mtoto apende ukweli badala ya kumtisha kila siku juu ya uongo.

Katika hotuba nyingine ya kitabu hichohicho aliwakosoa Wamarekani kwa kuishi na mwili uliokakamaa na akili iliyojaa wasiwasi juu ya matokeo. Ushauri wake kwa mtahiniwa ni kwamba, akishajiandaa vya kutosha, siku moja kabla ya mtihani aweke kitabu kando, ajiambie kwa dhati kwamba hajali tena matokeo, akacheze au akalale. Bila shaka ushauri huo haumhusu ambaye hakujiandaa.

Haki ya kuamini

Mwaka 1896 alitoa hotuba iliyochapwa mwaka uliofuata katika kitabu The Will to Believe, yaani Utashi wa Kuamini. Alikuwa akimjibu mwanahisabati wa Uingereza William Clifford, aliyesema ni kosa daima kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha. James alijibu kwamba yapo maamuzi yenye uzito, yasiyokwepeka, ambayo ushahidi hauwezi kuyamaliza, na hapo mtu ana haki ya kuchagua. Tena yapo mambo ambayo imani husaidia kuyafanya yawe kweli. Alitoa mfano wa mpanda mlima aliyefikia ufa ambao lazima auruke: akiamini anaweza, miguu yake humsaidia, akisita na kutetemeka, huanguka.

Hoja hiyo ilipigwa vita. Wapinzani, Bertrand Russell akiwa mmoja wao, waliona inafungua mlango wa kila mtu kuamini anachopenda. James mwenyewe alikiri baadaye kwamba ingefaa aiite haki ya kuamini. Kosa la kumsoma ovyo lipo pia upande wa wafuasi: hakusema kwamba kuamini kunaondoa ufa, wala kwamba anayeanguka ameanguka kwa upungufu wa imani.

Msimamo huo ulimletea matatizo na madaktari wenzake. Wakati huo harakati za uponyaji kwa njia ya fikra zilikuwa zimeenea Boston. Mwaka 1894, na tena mwaka 1898, bunge la Massachusetts lilipojadili sheria ya kuwazuia waponyaji wasio na shahada ya udaktari, James alisimama kuipinga. Hakuyakubali mafundisho yao yote, lakini aliwajua watu waliopata nafuu, akaona ni aibu kwa sayansi kufunga mlango kabla ya kuchunguza. Udadisi huohuo ulimfanya achunguze kwa miaka mingi habari za watu waliodai kuwasiliana na wafu, jambo ambalo wanasayansi wengi walimcheka.

Roho zilizo wagonjwa

Mwaka 1901 na 1902 alitoa mihadhara ya Gifford huko Edinburgh, Uskoti. Kutokana nayo kilitoka kitabu The Varieties of Religious Experience (1902), kuhusu aina mbalimbali za mang'amuzi ya kidini. James hakushughulika na makanisa na mafundisho yao bali na yale yanayompata mtu moyoni.

Aligawa watu makundi mawili. Wapo wenye akili ya uchangamfu, kama mshairi Walt Whitman, ambao huuona ulimwengu kuwa mwema. Na zipo roho zilizo wagonjwa, kama John Bunyan na Leo Tolstoy, ambazo haziwezi kuusahau ubaya. James aliheshimu kundi la kwanza, akataja wazi kwamba kuelekeza mawazo kwenye mema kumewaponya wengi. Hata hivyo aliona kwamba njia hiyo hushindwa pale huzuni halisi inapofika, na kwamba roho mgonjwa huona zaidi kwa kuwa ubaya ni sehemu ya kweli ya maisha. Hapa ndipo anapotengana na wahubiri wa fikra chanya, wa zamani na wa leo. Katika sura hiyohiyo aliingiza kisa cha yule mgonjwa wa kifafa, akikisingizia kuwa kimetoka kwa Mfaransa mmoja ambaye hakumtaja jina.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1898 aliuumiza moyo wake kwa kupanda milima ya Adirondack bila kupumzika vya kutosha, na mwaka uliofuata akapotea njia huko na kuuharibu zaidi. Katika miaka hiyo alipinga hadharani vita vya Marekani nchini Ufilipino.

Tarehe 18 Aprili 1906 alikuwa akifundisha Stanford, California, tetemeko kubwa la San Francisco lilipotokea. Alikwenda mjini siku hiyohiyo kuona. Kilichomshangaza ni utulivu wa waliopoteza nyumba zao. Aliandika baadaye kwamba jamaa waliokuwa mbali waliteseka kimawazo kuliko waliokuwa pale, kwa kuwa waliokuwa pale walikuwa na kazi za kufanya.

Alistaafu Harvard mwaka 1907 na kutoa kitabu Pragmatism. Mwaka 1908 aliunga mkono kitabu cha Clifford Beers, kijana aliyesimulia mateso yake ndani ya hospitali za wagonjwa wa akili, na mwaka uliofuata alishiriki kuanzishwa kwa kamati ya kitaifa ya kutetea afya ya akili. Septemba 1909 alikutana na Sigmund Freud na Carl Jung huko Worcester, Massachusetts. Alipokuwa akitembea na Freud, maumivu ya moyo yalimshika. Akampa Freud mkoba wake, akamwomba atangulie, na akasema atamfuata yakishapita. Freud aliandika kwamba alitamani naye awe na ujasiri kama huo kifo kitakapomkaribia.

Huzuni na kukosa usingizi havikumwacha kabisa maisha yake yote. Mwaka 1910 alikwenda Ulaya kutafuta matibabu bila mafanikio, akarudi pamoja na mkewe na nduguye Henry, naye akiwa katika sonona kubwa. Walipofika nyumbani kwake Chocorua aliishi siku chache tu. Alifariki tarehe 26 Agosti 1910 akiwa na umri wa miaka 68, akazikwa Cambridge, Massachusetts.

Athari

Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous mwaka 1935, alisoma kitabu cha James juu ya mang'amuzi ya kidini alipokuwa hospitalini, na chama hicho cha kusaidia walevi kinamtaja kama mmoja wa waliokipa mwelekeo. Matibabu ya kisaikolojia ya kuchunguza mawazo ya mgonjwa, yaliyoanzishwa na Albert Ellis na Aaron Beck katika miaka ya 1950 na 1960, hayakutoka kwake moja kwa moja. Hata hivyo maswali yao ni yaleyale aliyoyauliza. Jengo la idara ya saikolojia huko Harvard limepewa jina lake.

Wanafunzi waliomwona akitembea haraka uani mwa chuo, akiwa na koti la rangi na mzaha mdomoni, hawakujua habari za mwaka 1870. Shajara ya siku ile ya Aprili ilifahamika kwa watu mwaka 1920, mwanawe Henry alipochapisha barua za baba yake. Humo ndimo ilimothibitishwa pia kwamba Mfaransa asiyetajwa jina alikuwa ni James mwenyewe.